Majina ya mwisho wa filamu yasikatwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu sikukuu ya Idi iliyopita, nalo ni desturi ya vituo vyetu vya televisheni kukata filamu mara tu hadithi inapokwisha, kabla majina ya walioitengeneza hayajapita. Wapo watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sanaa, nimefundisha kuchora hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na kwangu si dogo.

Siku hiyo ya Idi sebule yangu ilijaa watu. Walikuwapo wajukuu zangu wanne, jirani yangu na binti zake wawili, na mama mmoja ambaye binti yake nilimfundisha tangu alipoingia kidato cha kwanza. Binti huyo sasa yuko Nairobi, anafanya kazi katika studio inayotengeneza katuni kwa kompyuta, na alikuwa ametupigia simu kutuarifu kwamba filamu ya familia aliyoshiriki kuitengeneza ingeonyeshwa saa kumi jioni, na kwamba jina lake limo mwishoni, katika kundi la watu wa mwanga, yaani wanaopanga mwanga na vivuli vya kila picha. Tuliitazama yote, watoto wakicheka mpaka wengine wakaangua vikohozi. Ilipofika mwisho, mama yake alisogeza kiti karibu na televisheni, akavaa miwani. Majina yakaanza kupanda: mwongozaji, watunzi wa hadithi, waigizaji wa sauti; kisha, kabla hata sekunde kumi hazijatimia, picha ikakatika, likaingia tangazo la sabuni ya unga. Yule mama aliuliza kama yatarudi. Hayakurudi.

Jirani yangu, ambaye ni mtu mwema na hakuwa na nia mbaya yoyote, alimfariji kwa kumwambia, “Dada, usihuzunike, kazi hizi siku hizi kompyuta inazifanya yenyewe.” Kauli hiyo iliniuma kuliko lile tangazo. Nimeisikia kwa wazazi waliokuwa wakinijia shuleni kuuliza faida ya mtoto kupoteza saa mbili kwa wiki akishika penseli, nimeisikia kwa viongozi wanaogawa vifaa, na sasa kwa kuwa imekuja akili mnemba naisikia hata kwa watoto wenyewe. Na nadhani tunaiamini kwa urahisi hivyo kwa sababu kila mara orodha ya watu inapotaka kutukanusha, tunaizima.

Naomba nianze na darasa langu, kwa kuwa ndiko ninakokujua zaidi. Mwaka aliokuwa kidato cha pili binti huyo, niliwapa wanafunzi wangu 40 kazi ya kutengeneza katuni kwa karatasi: kuku anavuka uwanja wa shule. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 katika kila sekunde moja, kwa hiyo nilimtaka kila mwanafunzi achore picha 12, tukapata jumla ya picha 480, tukazipiga moja moja kwa kamera ya kuazima. Kazi hiyo ilituchukua wiki sita, na tulipoitazama ilidumu sekunde 20. Kuku wetu alichechemea katikati ya uwanja kwa kuwa mwanafunzi mmoja alimchora mguu mrefu. Lakini kasoro kubwa ilikuwa kivuli, ambacho kiliruka kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi kulia kama kitu kilichopandwa na wazimu. Darasa zima lilicheka, isipokuwa binti huyo, ambaye alinyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, jua letu liko wapi?” Kila mchoraji alikuwa ameliweka jua anapotaka yeye. Tulirudia vivuli vyote 480, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya kila dawati akionyesha kwa rula mwanga unatokea upande gani. Leo hiyo ndiyo kazi inayomlisha.

Sasa mtu atasema kwamba kuku wa karatasi ni jambo jingine na filamu ya kompyuta ni jambo jingine. Basi tuitazame ile iliyokuwa ya kwanza duniani. Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilitoka katika studio ya Pixar, jimbo la California, Marekani, na kuanza kuonyeshwa mwezi Novemba 1995. Ina picha zaidi ya 114,000. Ili kuzikokotoa, yaani kugeuza maagizo ya watengenezaji kuwa picha kamili, kompyuta 117 zilifanya kazi usiku na mchana, na saa zilizotumika zikijumlishwa kwa mashine zote zinafika 800,000. Kwa hesabu yangu, kama ingekuwa ni kompyuta moja tu, ingehitaji miaka 91 kuimaliza bila kuzimwa hata siku moja. Mtu anayeitazama hesabu hiyo haraka haraka anaweza kusema kwamba hapo ndipo ukweli ulipo, mashine ndizo zilizofanya kazi. Ni sawa na kusema kwamba sufuria ndiyo iliyopika pilau. Mashine zile zilipewa kila kitu kikiwa kimeshaamuliwa: kitanda kiko wapi, ukuta una rangi gani, mwanasesere anaangalia wapi na uso wake una hofu kiasi gani, mwanga wa dirisha unaangukia wapi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mashine ilikipanga kwa hiari yake. Kila kimoja kilipangwa na mtu, na kwa kawaida na watu kadhaa waliobishana kwanza.

Watu hao katika Toy Story walikuwa wapatao 110, na wahuishaji, yaani wale wanaowapa wahusika mwendo, walikuwa 27. Mwongozaji, John Lasseter, anajulikana na wengi. Hao wengine ni nani? Wapo waliochora hadithi nzima kwa penseli kwanza, kisanduku kwa kisanduku, ili ionekane ikiwa bado ni rahisi kuibadilisha. Na kweli ilibadilishwa. Tarehe 19 Novemba 1993 michoro hiyo ilionyeshwa kwa wakubwa wa kampuni ya Disney waliokuwa wakiigharamia, ikaonekana kwamba Woody, yule mwanasesere mchunga ng’ombe ambaye ndiye mhusika mkuu, amekuwa katili na mwenye kejeli kiasi kwamba hakuna mtoto angempenda. Utengenezaji ukasimamishwa, na waandishi wakarudi kuandika upya. Natamani kila mwanafunzi aliyewahi kurudishiwa mchoro wake akaukunjakunja kwa hasira angejua habari hiyo. Hakuna kompyuta iliyowaambia wale waandishi kwamba Woody hapendeki, wala hakuna iliyomfanya apendeke.

Wapo pia waliomjenga Woody mwenyewe, kwa maana mhusika wa kompyuta hujengwa kama kinyago, kisha akatiwa mifupa na nyuzi za kumvutia zisizoonekana, kama vile karagosi. Woody alikuwa na vidhibiti 723 vya kumwendesha, kati ya hivyo 212 vikiwa vya uso na 58 vya mdomo peke yake. Vidhibiti hivyo havijiendeshi. Muhuishaji huketi akisikiliza sauti ya mwigizaji, ambayo hurekodiwa kabla, mara nyingi na huku mwigizaji akipigwa picha za video ili ishara zake za uso zionekane, kisha husogeza nyusi kidogo, husikiliza tena, husogeza kona ya mdomo, na kwa juhudi ya wiki nzima hupata sekunde chache.

Namna walivyotafuta mwendo inanifurahisha mimi kama mwalimu wa sanaa za mikono. Kulikuwa na askari wadogo wa plastiki, wale ambao nyayo zao zimeunganishwa na kibao kimoja. Askari wa namna hiyo atatembeaje? Watengenezaji walipigilia misumari jozi ya viatu vya raba kwenye ubao, wakavivaa, wakatembea navyo ili wahisi miguuni mwao wenyewe namna mwili unavyoyumba na uzito unavyohama. Ndivyo askari wale walivyopata mwendo wao, kwa ubao, misumari na mtu mzima aliyekubali kuonekana mjinga mbele ya wenzake.

Sitawachosha wasomaji kwa kutaja kila idara, lakini siwezi kuwaacha wapiga muziki, wala wahariri wa picha, wala watu wa sauti ambao hutafuta mlio wa kila mlango na kila unyayo kwa sababu katuni huzaliwa ikiwa bubu kabisa. Wapo wanaoandika programu zenyewe. Katika filamu ya mwaka 2001 ya studio hiyo hiyo, Monsters, Inc., kuna zimwi la rangi ya buluu lenye nywele zaidi ya milioni 2.3, na kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kuzisogeza moja moja, ilibidi wataalamu waunde njia ya kuzifanya ziyumbe, zilale na zishike theluji, na wengine washughulikie namna fulana ya mtoto inavyokunjamana anapobebwa. Kijana mpenda hesabu wa mitaa yetu ya Tanga, pale Chumbageni au Makorora, angejuaje kwamba ipo kazi ya namna hiyo duniani, kama si kwa kuliona jina la mwenye kazi hiyo likipita kwenye kioo?

Kisa kinachonigusa kuliko vyote, hata hivyo, ni kile cha Toy Story 2, filamu iliyotoka mwaka 1999. Ilipokuwa ikitengenezwa, mwaka 1998, mtu mmoja alitoa amri isiyo sahihi katika kompyuta kuu, na mafaili ya filamu yakaanza kufutika mbele ya macho ya watu waliokuwa kazini. Wahusika wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Mashine zikazimwa haraka, lakini sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imekwisha kupotea, na walipoikimbilia akiba iliyokuwa ikihifadhiwa kila siku wakagundua kwamba haikuwa ikifanya kazi sawasawa kwa muda wa wiki kadhaa. Kazi ya watu wengi ilikuwa imepotea. Ndipo Galyn Susman, aliyekuwa mkuu wa upande wa ufundi, akakumbuka kwamba nyumbani kwake kuna nakala. Alikuwa amejifungua muda si mrefu kabla, na ili aweze kumlea mtoto huku akiendelea na kazi, kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa ikiwekewa nakala ya filamu mara kwa mara. Wakaenda kuichukua. Waliifunga kwa mablanketi, wakaiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari, wakaifunga mkanda kama abiria na kuiendesha polepole hadi studio. Filamu ikaokolewa.

Tukisema kompyuta inafanya yenyewe, mama huyo tunamweka wapi? Kompyuta ilifuta, kwa kuwa iliambiwa ifute, na wala haikujua kwamba imefanya jambo baya. Kilichoiokoa kazi ile ni mzazi aliyehitaji kuwa karibu na mwanawe, na wenzake waliokubali afanye kazi akiwa nyumbani. Na ni studio hiyo hiyo ambayo, kuanzia Toy Story ya kwanza, imekuwa na desturi ya kuandika mwishoni mwa filamu zake majina ya watoto waliozaliwa na wafanyakazi wake wakati filamu ikitengenezwa. Filamu moja ya namna hii huchukua miaka kadhaa. Watu huoa, huzaa, huzika wazazi wao wakiwa bado kwenye filamu ile ile. Ninaona ni uungwana mkubwa kwamba watoto wale wametajwa. Kwetu sisi hawajawahi kuonekana, kwa sababu majina yao yako chini kabisa ya orodha, na kufikia hapo sabuni ya unga imeshaingia muda mrefu.

Majina hayo hayakuja bure. Wachoraji wa studio ya Disney walipogoma mwezi Mei 1941, pamoja na madai ya mishahara na ya chama cha wafanyakazi, miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo hili la kuchora filamu nzima na kutoonekana jina. Watu walisimama nje ya lango la kazi yao, wakahatarisha riziki yao, ili mistari ile midogo inayopita mwishoni iwe na majina yao. Kituo kinachoikata kwa kubonyeza kitufe sidhani kwamba kina chuki na mtu. Nadhani hakijawahi kufikiria kwamba ile ni sehemu ya filamu.

Najua hoja ya wenye vituo, na ni hoja ya kweli: dakika za hewani ni fedha, matangazo ndiyo yanayowalipa wafanyakazi wao, na orodha ya filamu kubwa ya kompyuta inaweza kufika dakika kumi. Sidai kwamba kila filamu ya usiku wa manane iachwe mpaka herufi ya mwisho. Ninaloomba ni kwamba filamu za familia, zile ambazo watoto wetu wanazitazama sikukuu na wakati wa likizo wakiwa na wazazi wao, ziachwe zipite na majina yake, kwa ukubwa unaosomeka, si kwa kubanwa kwenye kona ya kioo huku mtangazaji akisema juu yake. Na zile zilizotengenezwa kwetu, au kwa mikono ya vijana wetu, zisikatwe kwa sababu yoyote. Hizo si chache kama tunavyodhani. Tinga Tinga Tales, katuni za watoto zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010 na kupendwa hadi Uingereza, zilihuishwa na vijana jijini Nairobi kwa kufuata mtindo wa picha alioasisi Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, na Ubongo Kids, inayotengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam, imekuwa hewani tangu mwaka 2014. Ni watoto wangapi wanaziimba nyimbo zake bila kujua jina la hata mtu mmoja aliyezichora?

Na wewe, Ndugu Mhariri, nakuomba kwa heshima, kwa kuwa gazeti lako lina ukurasa wa burudani ninaousoma kila Jumamosi. Mnapoandika kuhusu filamu ya katuni huwa mnamtaja mwigizaji maarufu aliyetia sauti, na kama hayupo maarufu mnataja kampuni. Mwandishi wenu atafute siku moja mtu wa mwanga, au mjenzi wa wahusika, au yule aliyekaa wiki nzima na kona moja ya mdomo, amuulize alifikaje pale, alisomea wapi, analipwa vipi na anafanya nini mkono unapochoka. Walimu wa sanaa walio bado kazini wataukata ukurasa huo na kuubandika ukutani, kama mimi ningefanya.

Wiki mbili baada ya Idi, binti yetu alitutumia kwa simu kile kipande cha mwisho cha filamu. Nilikwenda nacho nyumbani kwa mama yake, nikaunganisha simu na televisheni ya mjukuu wangu tuliyokuwa tumeibeba. Jina lilionekana katikati ya majina mengine 11 ya watu wa mwanga, likapanda na kupotea kwa muda wa sekunde tatu hivi. Mama yake akaniomba nirudishe nyuma na kusimamisha, nikasimamisha. Alilitazama la mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema hao wengine nao ni wana wa watu, akataka wasomwe wote, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, nami nikawasoma mmoja mmoja kwa sauti, hata wale ambao majina yao yalinishinda kutamka, na kila jina yeye akaitikia, “Mungu ambariki.”

Kituo kilichoirusha filamu ile siku ya Idi nakiomba kiirudie katika likizo ijayo ya shule, na safari hii kiiache mpaka mwisho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga